Mnyama wa Kumi na Mbili

Treni ilitutoa Mwanza jioni, na kama uliwahi kupanda daraja la tatu miaka ile, huhitaji nikueleze tulivyobanana. Nilikalia begi langu katikati ya gunia la dagaa na mama mmoja mnene ambaye baba alinikabidhi kwake pale stesheni. Usiku kucha alinilalia begani, na kila alipozinduka aliniuliza, "Upo, mwanangu?" kana kwamba ningeweza kwenda popote. Tabora tulishinda tukisubiri behewa letu liunganishwe na treni inayotoka Kigoma. Asali iliuzwa kwenye chupa za bia zilizozibwa kwa vigunzi. Baadaye ikaja Itigi, ikaja Manyoni, halafu Saranda, ambako watu wazima walirukia nje kabla treni haijasimama ili wawahi kuku wa kukaanga. Mama yule alinipa paja zima. Mpaka leo nikisikia harufu ya kuku na moshi wa kuni, masikio yangu yanasubiri mlio wa magurudumu.

Tulifika Dodoma alfajiri ya siku ya tatu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na sikuwahi kuonja baridi kavu namna ile. Upepo ulibeba vumbi jekundu ukalisukuma mpaka kwenye meno. Bibi alikuwa amesimama kwenye jukwaa la stesheni amejifunga kanga mbili. Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Mume wangu amefika. Mbona mwembamba hivi, huko Mwanza samaki wamekwisha?"

Baba alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, kama baba wengi wa mtaa wetu, na alikuwa ameanza kuendesha lori la tajiri mmoja. Mama alirudi kwao na mdogo wangu mchanga mpaka mambo yakae sawa. Mimi nikapelekwa kwa bibi, mama yake baba. "Kwa muda tu," baba alisema. Muda wenyewe ukawa miaka miwili kasoro.

Nimeikumbuka safari ile mwezi uliopita nikiwa Kibaigwa. Miguu yangu haijawahi kukubali mji mmoja. Nimeishi katika miji saba, na siku hiyo nilikuwa nje ya nyumba ya wageni nikingoja lori lipakie mahindi. Kijana wa mapokezi alikuwa ameinamia simu yake. Nikachungulia. Kijitu chenye kofia, kilichochorwa kwa vidoti vikubwa kama maua ya kitambaa cha meza cha kufuma, kilikuwa kinaruka kutoka mwamba hadi mwamba ndani ya pango, taa mkononi.

"Hiyo gemu ya zamani?" nikamuuliza.

"Hapana mzee, mpya kabisa. Wameitengeneza tu ionekane ya kizamani. Unatafuta wanyama ambao watu wanabishana kama wapo."

Rafiki yangu, moyo ulinipiga kama wa mtoto. Sikumwambia kwamba kazi hiyo niliwahi kuifanya mimi, kwa miezi mingi na kwa bidii kuliko masomo. Nilimuuliza jambo moja tu: kama ameokota kengele.

Akanitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyechoshwa na safari. "Kengele gani, mzee?"

Basi acha nikueleze wewe.

Nyumba ya bibi ilikuwa karibu na soko, nyumba ndefu ya mabati yenye baraza mbele na ua nyuma. Wazee wake walifika na misafara, enzi za watu kutembea kwa miguu kutoka bara kwenda pwani na mizigo kichwani, na wao wakachoka katikati ya njia wakabaki. Bibi alipenda kulisema hilo: "Sisi tulichoka hapa." Asubuhi alikaanga vitumbua, na kazi yangu kabla ya shule ilikuwa kuchota maji bombani na kuwasha mkaa. Jumamosi nilimenya karanga za kuungia mlenda. Jioni nilikwenda chuoni kwa mwalimu wa Kurani, nikirudi nakuta ugali wa uwele uko tayari, mweusi, mzito, na mlenda unaoteleza bila ruhusa yako. Wiki ya kwanza nililia. Wiki ya tatu nilikuwa naramba sahani.

Watoto wa mtaa waliniita Msukuma kwa sababu nimetoka Mwanza. Sikuwa Msukuma hata kidogo, lakini nilipokataa walisema, "Unaona, Msukuma mbishi." Nikaliacha jina likae.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mfanyabiashara wa Kondoa, mtu mpole mwenye kofia ya kufuma na kikohozi cha vumbi. Miaka ile mipaka ya biashara ilikuwa imefunguliwa, na kila mtu mwenye mtaji kidogo alikuwa anajaribu kuleta kitu. Yeye alianza na vitenge, akaongeza redio, halafu siku moja akarudi kutoka Zanzibar na boksi lililofungwa kwa kamba za katani. Ndani kulikuwa na televisheni ya rangi, akaiweka dukani kwake. Mtaa mzima ulikuja kuisalimia. Tatizo likawa moja: haikushika stesheni yoyote. Alizungusha antena mpaka akawa anazunguka yeye mwenyewe juu ya bati, na kioo kikaendelea kuonyesha mchele mweupe unaochemka.

Ndipo akatoa chini ya boksi kile alichopewa kama nyongeza: kisanduku cheupe cha gemu chenye waya, pedi mbili za kuchezea ambazo moja ilikuwa mbovu, na kaseti moja ya njano. Kaseti moja, rafiki yangu. Hatukuwa na nyingine mpaka mwisho.

Maandishi yake yalikuwa ya Kichina au ya Kijapani, hatukujua tofauti. Kwenye karatasi ya juu kulikuwa na mtu mwenye kofia, amebeba taa, na kamera imening'inia kifuani. Nyuma yake, gizani, macho. Mwindaji huyu hakuwa na mkuki wala bunduki. Alikuwa anatembea katika nchi isiyo na mwisho, juu milima, chini mapango, kulia bwawa, kushoto msitu, akitafuta wanyama ambao hakuna aliyethibitisha kuwa wapo, na akimpata mmoja anampiga picha. Picha inaruka yenyewe na kutua kwenye albamu. Albamu ilikuwa na visanduku kumi na viwili.

Kwa kuwa hatukuweza kusoma majina yao, tuliwapa ya kwetu. Wa kwanza alikuwa Nyoka Anayewika, kwa sababu alikuwa na kilemba kama cha jogoo, na kila mmoja wetu alikuwa na mjomba aliyewahi kumsikia porini. Kulikuwa na Fisi wa Miguu Miwili. Kulikuwa na Mama wa Bwawa, ambaye tulikubaliana anaishi Bahi msimu wa mpunga. Kulikuwa na watu wembamba warefu wenye vichwa vya mviringo, na jirani alipowaona alisimamisha kazi ya kupima kitenge. "Hawa nawajua," akasema. "Hawa wamechorwa kwenye mawe kwetu Kondoa. Babu yangu aliwakuta wapo, na babu wa babu yangu aliwakuta wapo." Tangu siku hiyo hatukuwa na shaka yoyote kwamba gemu ile ilikuwa inahusu mkoa wetu. Mchina alikuwa amekuja tu kuchukua habari.

Utaratibu wa dukani ulikuwa mmoja na uliheshimiwa kuliko sheria za shule: ukifa, unapisha. Pedi ilikwenda kwa anayefuata kwenye benchi, naye aliendelea pale ulipoangukia. Hakuna aliyecheza gemu yake peke yake. Tulikuwa watoto ishirini tukimwendesha mtu mmoja, na kila mtu alikuwa na ushauri. "Ruka! Ruka, we Msukuma, umesimama kama unasubiri kivuko!" "Usimguse huyo, ana sumu!" "Nani kakwambia ana sumu?" "Si unaona rangi yake?"

Jambo la pili lilikuwa umeme. Miaka ile ulikuwa wa mgao. Upande wetu wa reli tuliupata asubuhi mpaka adhuhuri, na kwa kuwa siku za kazi asubuhi tulikuwa shule, na Jumapili ilikuwa zamu ya upande wa pili, tulibakiwa na Jumamosi. Kisanduku kile hakikuwa na kumbukumbu. Umeme ukikatika, safari yote inafutika, na Jumamosi ijayo mwindaji anaanza tena mlangoni mwa pango la kwanza, albamu tupu, kama vile hajawahi kuzaliwa. Kila Jumamosi tulisikia kelele ile ya mtaa mzima umeme unapokwenda: "Aaaah!" Sauti inayoanzia juu na kuporomoka. Ukiishi na mgao unajifunza kuisoma sauti hiyo. Ya umeme kurudi ni tofauti, inapanda.

Aliyetuokoa ni binti wa jirani. Tulikuwa darasa moja. Alikuwa mtoto wa mwenye duka na angeweza kushika pedi siku nzima bila kuulizwa, lakini hakuwa na haja nayo. Alikaa juu ya mtumba wa vitenge na daftari, akachora. Kila pango, kila mwamba, kila mlango uliojificha nyuma ya maporomoko ya maji, aliutia kwa penseli nyuma ya daftari lake la jiografia. Jumamosi ilipokuja hatukupotea tena. "Kushoto," alisema bila kuinua macho. "Sasa chini. Usiende huko, huko kuna miiba."

Mwalimu wetu wa jiografia aliikuta ramani hiyo siku ya kukagua madaftari. Aliigeuza huku na huku, kalamu nyekundu mkononi.

"Nchi gani hii?"

"Bado haijapewa jina, mwalimu," binti akajibu.

Tulisubiri fimbo. Mwalimu akaandika kitu, akamrudishia daftari, akaendelea na mto Rufiji. Alikuwa ameandika: *Ramani haina dira wala kipimo.* Jumamosi iliyofuata ramani ilikuwa navyo vyote viwili. Dira ilikuwa na nyota nzuri, na kipimo kilisema kwamba sentimita moja ni sawa na mruko mmoja.

Kwa ramani ile tulianza kuwapata. Saba, wanane, tisa. Nakumbuka siku tuliyompata wa kumi na moja, popo mkubwa mwenye uso wa mbuzi. Jirani alitoa soda tatu tukagawana kwa kizibo cha chupa. Kikabaki kisanduku cha mwisho cha albamu. Ndani yake palikuwa na kivuli tu, hakina kichwa wala mkia unaoeleweka. Tulimwita Yule.

Kulikuwa na pango lililofunguka ukishawapata kumi na mmoja. Lilikuwa refu, jeusi, tupu. Hakuna adui, hakuna miiba. Unatembea tu. Na kila tulipofika mwisho tulikuta nyayo kubwa kwenye mchanga na vumbi linatua polepole, kama mtu katoka sasa hivi. Tukakimbia zaidi. Tukaruka zaidi. Nyayo na vumbi. Jumamosi baada ya Jumamosi tulifika kwenye vumbi lile, na saa sita umeme ukaenda, na "Aaaah!" ikaporomoka.

Rafiki yetu wa Miyuji, nje kidogo ya mji, mtoto wa Kigogo aliyefika kila Jumamosi na galoni la maziwa ya kuuza na akaliweka nyuma ya mlango mpaka yagande, alisema Yule hayupo. "Mchina amesahau kumweka." Tulikaribia kupigana.

Ndipo barua ya baba ikaja. Amepata nyumba Dar es Salaam, mama yuko huko tayari, atapita na lori kunichukua Ijumaa ya wiki ijayo, tutaondoka Jumamosi asubuhi. Bibi alinisomesha barua mara mbili, kisha akaikunja akaitia chini ya mkeka. Unafikiri niliwaza nini? Mama yangu, niliyemkosa miaka miwili kasoro? Nilihesabu Jumamosi. Zilikuwa mbili, na moja ilikuwa nusu.

Jumamosi ya kwanza nilikuwa mimi mwenye pedi, ndani ya pango refu, na karanga nilizoachiwa nimenye zilikuwa uani zikiliwa na kuku. Pazia la duka likafunguka. Bibi alisimama pale na mwiko mkononi.

"Shikamoo bibi," duka zima likaamkia kwa pamoja, kwa adabu ya woga.

"Marahaba. Mume wangu yuko wapi?" Halafu macho yake yakashika kioo. Alikuwa hajawahi kuingia. Mwiko ukashuka. "Huyo nani?"

"Mwindaji, bibi."

"Anawinda nini?"

"Mnyama ambaye haonekani. Kila tukifika ameshakimbia."

Bibi akasikiliza. Nilipiga hatua mbili, nikaruka mara moja. *Kli, kli, kling.*

"Na hiyo kengele inayolia?"

"Ni ya mwindaji. Ameifunga kiunoni."

Bibi akatutazama mmoja mmoja, kuanzia benchi la mbele mpaka waliosimama. "Nyie watoto," akasema. "Mwindaji gani huyo anakwenda kuwinda amevaa kengele?"

Wote, bila kupanga, tukageuka kumtazama rafiki yetu wa Miyuji.

Kwa maana ni yeye aliyetuongoza. Kengele ile ilikuwa imelala chini kwenye pango la kwanza kabisa, hatua kumi kutoka mlangoni, kengele ya kawaida kama ya ng'ombe. Siku ya kwanza kabisa mchezaji alitaka kuiruka, na yeye akapiga kelele: "Okota! Kengele haiachwi chini!" Hakuna aliyebisha. Nusu ya watoto kwenye benchi walikuwa wa watu wenye ng'ombe, na sisi wengine tulishaishi nao vya kutosha. Kengele ikiwa chini, kuna ng'ombe amepotea na kuna mtu anamtafuta. Unaiokota, unaipiga njiani ili mwenyewe asikie. Kuipita ni ukosefu wa malezi. Basi kila Jumamosi kwa miezi yote ile, ishirini sisi, tuliiokota. Iliwatawanya popo wadogo, tukasema, unaona, ina baraka. Mlio wake tuliupenda.

"Bibi," akasema rafiki yetu, "ukiona kengele chini, si ina maana kuna ng'ombe kapotea?"

"Ng'ombe yuko wapi humo?"

Tukafikiri. Hatukuwahi kumwona ng'ombe hata mmoja.

Jirani ndiye aliyeanza kucheka, akakohoa, akacheka tena, na duka zima likalipuka. Rafiki yetu alijifunika uso kwa galoni. Mimi nilibonyeza kila kitufe nikitafuta namna ya kuivua ile kengele. Haikuvuliwa. Ilibidi kuanza upya kabisa kutoka pango la kwanza, na ilikuwa saa sita kasoro. Nilikuwa sijamaliza kuizima gemu umeme ulipotuzimia. Safari hiyo hakuna aliyesema "Aaaah." Tulikuwa na haraka ya Jumamosi ijayo.

Wiki ile sikulala vizuri. Tulikutana mapumziko ya saa nne chini ya dirisha la darasa na daftari katikati yetu, tukapanga kama wakuu wa jeshi. Bila kengele popo wangetushambulia, kwa hiyo pango la kwanza tulimpa rafiki yetu wa Miyuji, ambaye alikuwa na deni la heshima. Msitu na milima kwa wengine wawili wenye mikono mizuri. Bwawa na pango la mwisho kwangu. Ukifa, unapisha, hilo halikubadilika.

Baba alifika Ijumaa magharibi, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, ananuka dizeli. Nilimkumbatia nikamuuliza tunaondoka saa ngapi.

"Saa nne. Lazima nipakie Kibaigwa kabla madalali hawajamaliza mahindi."

"Saa sita haiwezekani?"

Akamtazama bibi. Bibi akasema, "Mume wangu ana kazi hapo jirani."

"Kazi gani?"

"Kuna mnyama anatafutwa."

Baba alisema atapiga honi mara tatu, na ya tatu ikilia bila mimi, lori linakwenda.

Jumamosi saa mbili duka lilikuwa limejaa mpaka nje. Na bibi alikuwepo, kwenye kigoda, mbele kabisa. Alikuwa amenifungia karanga na ubuyu kwenye kitambaa, akanipa palepale na kuniaga palepale, mkono juu ya kichwa changu, dua fupi. Nyumbani kwake ndivyo ilivyokuwa tangu zamani za misafara: msafiri anaagwa ndani, kisha mnaendelea na kazi, hakuna kutoka barabarani kumtazama mgongo. Wazee wake waliona migongo mingi mno ikienda isirudi. "Nimeshakuaga," akasema. "Sasa nataka kumwona huyo mnyama."

Rafiki yetu wa Miyuji akawasha. Mwindaji akasimama mlangoni. Hatua kumi mbele, kengele. Ninaamini ilimuuma kweli kuiacha. Kisha akairuka.

Popo walimjia kama mvua. Alikufa mara moja, akapisha, wa pili naye akafa, pedi ikamrudia, akapita. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Na kulikuwa na kitu kipya: nyayo za mwindaji zilikuwa hazina sauti. Nchi ile ambayo tulidhani tunaijua yote ikawa nyingine. Tulisikia maji tusiyoyajua. Tulisikia mnyama wa tano akipumua kabla hatujamfikia. "Kumbe walikuwa wanasema," binti akanong'ona, na kwa mara ya kwanza alisahau kuchora.

Honi ya kwanza ililia tukiwa na wanyama sita. Ya pili ilikawia; baadaye nilijua kwamba tairi lilipata pancha na baba alitukana peke yake kwa saa moja na nusu. Namshukuru msumari ule mpaka leo. Nilichukua pedi bwawani. Mama wa Bwawa, tisa. Kumi. Popo mwenye uso wa mbuzi, kumi na mmoja. Honi ya pili. Mlango wa pango refu ukafunguka, nikaingia.

Kimya. Taa ya mwindaji ilimulika duara dogo. Nilitembea, sikukimbia. Watoto ishirini walikuwa wameshikana mikono bila kujua wanamshika nani. Katikati ya pango kijiwe kidogo kilidondoka kutoka juu, *tik*, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nikasimama. Mchanga mbele yangu ulikuwa hauna nyayo wala vumbi.

"Yupo," bibi akasema kwa sauti ya chini. "Hajakimbia. Nenda taratibu, mume wangu."

Na honi ya tatu ikalia.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu kasoro. Nilimwona baba akilini, mkono kwenye gia. Nilimwona mama. Nikageuka nikamwekea binti wa jirani pedi mapajani, juu ya daftari.

"Mimi?" Macho yakamtoka.

"Ramani ni yako."

"Lakini hujafa!" rafiki yetu wa Miyuji akapiga kelele ya kunong'ona. "Msukuma, hujafa!"

"Sijafa. Napisha."

Nikatoka nikikimbia, kitambaa cha karanga kifuani. Lori lilikuwa limeanza kutembea. Baba alinivuta kwa mkono mmoja mlango ukiwa wazi. Hakuna aliyetoka dukani kunitazama mgongo. Pazia lilikuwa limefungwa, na nyuma yake kimya kile kile.

Mwezi uliopita kutoka Kibaigwa sikurudi Dar. Nilipanda gari kwenda Dodoma, nikasimama mahali pale. Kuna jengo la ghorofa tatu, chini wanatengeneza simu. Bibi tulimzika zamani. Jirani alirudi Kondoa, wanasema, na binti aliolewa mbali, hakuna anayejua wapi. Umeme upo mchana kutwa. Niliwauliza vijana wa pale kama wanajua kilichokuwepo zamani, wakanijibu kwa heshima kwamba wao wamezaliwa juzi.

Lakini siku ile lori lilipokata kona ya soko kuelekea barabara ya Dar, nilikuwa nimetoa kichwa chote dirishani. Na nikaisikia. Kelele ya watoto ishirini, moja, kubwa. Moyo ulisimama, kwa sababu ilikuwa karibu saa sita, na nilingoja kusikia kama itaporomoka.

Ilipanda. Ikapanda juu ya bati za soko, juu ya honi na upepo, na juu yake, peke yake, kikapaa kigelegele kirefu cha bibi yangu.

"Wanashangilia nini hao?" baba akauliza.

"Wamemwona."

"Nani?"

Vumbi jekundu lilikuwa linaingia dirishani, limeshika meno yangu kama asubuhi ile ya kwanza, na mimi nacheka na machozi yananitoka.

"Bado hajapewa jina," nikamwambia.